Burudani na Ubaridi: Usomaji wa Picha za Kijapani za Jioni Mtoni kutoka Mwanhuzi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki picha za chapa za mbao za Kijapani za karne ya 18 na ya 19 zinazoonesha watu wakipunga upepo mtoni nyakati za jioni katika majira ya joto. Hoja kuu ni kwamba msamiati wa Kiswahili wa mapumziko, hususani neno burudani, umebeba dhana ya ubaridi, na kwamba dhana hiyo inatupatia njia ya kuzisoma picha hizi iliyo bora kuliko mazoea ya kuitazama starehe kama anasa au upotofu. Usomaji huo unazaa maswali matatu: nani anapozwa, kwa kazi ya nani, na katika ardhi ya nani? Maswali hayo yanaelekezwa pia kwa riwaya mbili za Kiswahili, Rosa Mistika na Utengano, ili kuonesha kuwa kinachowaangusha wahusika wakuu wa riwaya hizo si starehe yenyewe, bali ni kukosa mahali pa kupoa.

1. Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili una msamiati mpana wa kazi na msamiati finyu wa mapumziko. Mhakiki anapokutana na mhusika anayelima, anayevua au anayegoma kiwandani, huwa na istilahi za kutosha za kumweleza: uzalishaji, unyonyaji, tabaka, ukombozi. Anapokutana na mhusika aliyeketi jioni bila kufanya lolote, mara nyingi hubakiwa na maneno mawili tu, uvivu na anasa. Hali hii ina historia yake. Azimio la Arusha la mwaka 1967, katika sehemu inayohimiza juhudi ya kazi, linazitaja nguvu za wanaume vijijini na wanawake mijini zinazopotea katika porojo, ngoma na ulevi kuwa ni hazina ambayo taifa lingeweza kuitumia kwa maendeleo. Hoja hiyo ilikuwa na uzito wake katika nchi changa na maskini. Hata hivyo, ilipoingia katika uhakiki iliacha mazoea ambayo bado tunayo: kila mapumziko yanatazamwa kama deni ambalo kazi inadai.

Makala haya yanayapima mazoea hayo kwa kutumia sanaa ambayo somo lake ni mapumziko yenyewe. Katika mji wa Edo, ambao leo unaitwa Tokyo, na katika mji wa Kyoto, wasanii wa picha za chapa za mbao walichora tena na tena tukio moja: watu wametoka majumbani mwao jioni ya majira ya joto, wamekwenda mtoni, na wanapunga upepo. Wajapani huliita tukio hilo yūsuzumi, yaani kujipoza jioni. Picha hizi ni za aina ya ukiyo-e, istilahi inayoweza kufasiriwa kuwa picha za ulimwengu unaoelea. Asai Ryōi, mwandishi wa hadithi wa miaka ya 1660, alisaidia kulipa neno ukiyo maana mpya. Awali lilibeba huzuni ya Kibuddha kuhusu dunia inayopita. Kwake likawa wito wa kuufurahia wakati huo unaopita.

Usomaji huu unafanyika kutoka Mwanhuzi, makao makuu ya Wilaya ya Meatu katika Mkoa wa Simiyu, na mahali hapo pana nafasi yake katika hoja. Mito mingi ya Meatu ni ya msimu. Hujaa mvua zinaponyesha, kisha hugeuka njia za mchanga ambamo watu huchimba visima na mifugo hunyweshwa. Msomaji aliyezoea mto wa namna hiyo huiona picha ya mto kwa jicho ambalo msomaji wa pwani, au wa Tokyo, huenda asiwe nalo. Sehemu zinazofuata zinaonesha kuwa jicho hilo wakati mwingine hupotoka kwa sababu ya tafsiri, na wakati mwingine huona zaidi.

2. Kiangazi na majira ya joto

Tatizo la kwanza ni la kitafsiri. Anayetaka kueleza picha hizi kwa Kiswahili hushawishika kusema kuwa zinaonesha mto wakati wa kiangazi. Neno hilo linapotosha. Kiangazi kina uhusiano wa kimaana na anga na mwanga: ni wakati ambapo mbingu iko wazi na mvua haipo. Nchini Tanzania, sehemu kubwa ya kiangazi huangukia miezi ya Juni hadi Oktoba, na katika baadhi ya miezi hiyo usiku huwa na baridi. Pwani, joto kali zaidi ni la msimu wa kaskazi, ilhali katikati ya mwaka huja kipupwe. Kwa hiyo kiangazi hueleza ukavu kwanza. Joto si sifa yake ya lazima.

Majira ya joto ya Japani ni kinyume chake. Huanza na mvua za wiki kadhaa, na zinapokwisha huacha joto lenye unyevunyevu mwingi ambalo haliishi hata usiku. Mto umejaa maji, nyumba za mjini zimebanana, na hewa imetuama. Msomaji wa Mwanhuzi akiambiwa "mto wakati wa kiangazi", atauona mchanga, na atashangaa mashua zinaelea juu ya nini. Akiambiwa "mto katika majira ya joto", ataelewa mara moja kwa nini watu wametoka ndani. Tofauti hii ni ya msingi kwa sababu ndiyo inayobeba sababu ya tukio zima. Watu hawa hawajaenda mtoni kwa ajili ya kuona mandhari. Wameukimbia moto wa nyumba zao.

Kutokana na hali hiyo, makala haya yanatumia majira ya joto, na yanaufasiri utamaduni wa yūsuzumi kwa kitenzi ambacho Kiswahili tayari kinacho, kupunga upepo. Kitenzi hiki hakihitaji maelezo kwa mtu aliyewahi kufika Forodhani mjini Unguja jua linapozama. Humpa mtu tendo la kufanya pale ambapo mtazamaji mwenye haraka angeona kukaa bure: aliyeketi ufukweni anapunga, yaani anaivuta hewa imjie.

3. Burudani, poa na mhola

Tukichunguza zaidi, tunaona kuwa kupunga upepo si msemo uliosimama peke yake. Msamiati wa Kiswahili wa mapumziko kwa sehemu kubwa umejengwa juu ya taswira ya kupozwa. Neno burudani, ambalo leo hutumika kwa muziki, michezo na vipindi vya redio, linatokana na mzizi wa Kiarabu b-r-d wenye maana ya ubaridi, mzizi uleule uliotupatia baridi. Kuburudika ni kupoa. Starehe nayo inatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kupumzika, ambalo mzizi wake, r-w-ḥ, ndio uliozaa pia raha na roho, na katika Kiarabu chenyewe unahusiana na majina ya upepo na kipepeo cha mkononi. Kwa hiyo maneno yetu mawili makuu ya mapumziko yanatoka, moja katika ubaridi, na jingine katika upepo.

Inaweza kupingwa kuwa asili ya neno si maana yake, na pingamizi hilo ni la haki. Msemaji wa leo anayetaja ukumbi wa burudani hafikirii mizizi ya Kiarabu. Hata hivyo, kipimo chetu kisiwe kamusi ya etimolojia, bali matumizi yaliyo hai. Katika harusi na mikutano tunaandaliwa viburudisho, na kwa kawaida tunamaanisha kwanza kitu cha kunywa. Maji huburudisha koo. Habari njema huburudisha moyo. Vijana wakiulizwa hali hujibu "poa". Neno hilo si la mkopo kutoka Kiarabu, lakini linafikiri kwa namna ileile: aliye salama ni aliyepoa, na ugonjwa au ugomvi ukipoa umekwisha. Katika Meatu na Usukuma kwa jumla, anayesalimiwa hujibu kwa neno mhola, lenye maana ya amani na utulivu. Umbo lake linalingana na mzizi wa Kibantu wa kupoa, kwani p ya Kiswahili mara nyingi hulingana na h ya Kisukuma, na l ambayo Kiswahili imeidondosha katika poa, Kisukuma imeihifadhi.

Kinachojitokeza ni kwamba katika tabaka tatu za lugha, yaani mkopo wa Kiarabu, Kibantu cha Kiswahili na Kisukuma cha Simiyu, kuwa mzima na kupumzika vinaelezwa kama kupoa. Si sahihi basi kudhani kuwa picha za yūsuzumi zinatuletea wazo geni. Zinatuonesha kwa macho jambo ambalo lugha zetu zinalisema kila siku. Tofauti kati ya kuiona burudani kama ubaridi na kuiona kama anasa ni kubwa. Anasa hupimwa kwa gharama yake na kwa kinachopotea. Ubaridi hupimwa kwa joto lililoutangulia. Mhakiki anayeanza na ubaridi hulazimika kuuliza: mtu huyu alikuwa na joto gani?

4. Ryōgoku: juu ya daraja na chini yake

Swali hilo linatupeleka kwenye daraja la Ryōgoku juu ya Mto Sumida, mahali palipochorwa pengine kuliko pengine popote katika picha za aina hii. Jina lake lina maana ya nchi mbili, kwa kuwa liliunganisha majimbo mawili yaliyotenganishwa na mto. Lilijengwa baada ya moto mkubwa wa mwaka 1657 ulioteketeza sehemu kubwa ya Edo na kuua watu wengi, ambao baadhi yao walikwama ukingoni kwa kukosa pa kuvukia. Katika kingo zote mbili yaliachwa maeneo ya wazi ili moto mwingine usivuke kirahisi. Kwa kuwa majengo ya kudumu hayakuruhusiwa hapo, palijaa vibanda vya muda vya chai, vya michezo na vya maonesho. Uwanja huo maarufu wa burudani ulizaliwa na hofu ya moto, na maana ya ubaridi hapa inakaribia kuwa ya wazi kabisa.

Msimu wa kupunga upepo mtoni ulifunguliwa tarehe 28 ya mwezi wa tano kwa kalenda ya zamani na kufungwa tarehe 28 ya mwezi wa nane, na usiku wa ufunguzi ulipambwa kwa fataki. Masimulizi yaliyozoeleka huzihusisha fataki hizo na mwaka 1733, baada ya njaa na maradhi, zikiwa sehemu ya kuwakumbuka waliokufa. Gharama zake zilichangiwa na wenye mikahawa na wenye mashua. Tayari tunaona kuwa ubaridi huu una wachuuzi wake na wagharamiaji wake.

Hakuna anayelionesha jambo hilo vizuri kuliko Kitagawa Utamaro katika picha yake ya karatasi sita ya miaka ya katikati ya 1790. Karatasi tatu za juu zinaonesha wanawake walio darajani. Tatu za chini zinaonesha mashua zinazopita chini ya daraja hilohilo. Mpangilio huu ni hoja. Kupita darajani hakuhitaji mashua, na anayesimama hapo hupata upepo uleule anaoupata aliye mtoni. Kuwa ndani ya mashua kunahitaji kukodi, na mashua zenyewe zilikuwa na madaraja: kubwa zenye paa kwa ajili ya matajiri, ndogo kwa wenye kipato cha wastani, na zile za wachuuzi waliozungukazunguka wakiuza vyakula na vinywaji. Katika kila mashua yupo mtu asiyekaa, naye ni mwenye kasia au upondo.

Mtazamaji aliyelelewa katika uhakiki wa kitabaka atamwona mpiga kasia haraka, na atakuwa sahihi. Hata hivyo, akiishia hapo atakuwa amepata nusu ya picha. Baadhi ya wanawake waliopambwa ndani ya mashua, wanaoonekana kuwa ndio wanaostarehe, nao wako kazini. Geisha aliyealikwa kupiga ala na kuimba hakuja kujipoza. Amekuja kuwapoza wengine. Wanawake wa Yoshiwara, waliochorwa mara nyingi na Utamaro, walifungwa na mikataba ya madeni ambayo aghalabu ilitiwa saini na familia zao. Picha inayatandaza mavazi yao kwa uzuri usiofichika, na uzuri huo huweza kumfanya mtazamaji asahau kuuliza nani hasa anapoa. Swali la pili la makala haya, kwa kazi ya nani, linapaswa kuelekezwa kwa wote wawili, kwa mwenye kasia na kwa mwenye ala.

Miaka sitini baadaye, Utagawa Hiroshige aliichora Ryōgoku kwa namna nyingine katika mfululizo wake wa mandhari mia moja mashuhuri za Edo, uliotoka kati ya mwaka 1856 na 1858. Mazingira ya kisiasa na ya kijamii yalikuwa yamebadilika. Mwaka 1842, katika mageuzi yaliyolenga kukomesha anasa, serikali ilipiga marufuku picha za waigizaji, makahaba na geisha. Mwaka 1855 tetemeko kubwa liliiharibu Edo. Mwaka 1858 kipindupindu kiliingia mjini, na Hiroshige mwenyewe alifariki mwaka huohuo. Picha ya fataki za Ryōgoku ilitoka katika mwezi wa nane, muda mfupi kabla ya kifo chake. Ndani yake hakuna uso hata mmoja unaotambulika. Anga na maji vimetawaliwa na buluu nzito ya usiku. Upande wa juu kulia fataki imepasuka na cheche zinashuka. Daraja linakata picha, na watu juu yake ni vivuli vidogo tu. Tajiri na mchuuzi hawatofautishwi.

Ingekuwa rahisi kusema kuwa Hiroshige anafuta matabaka, na kwa hiyo anadanganya. Makala haya yanapendekeza usomaji tofauti. Katika mji uliotetemeka na kuugua, picha hii inashikilia jambo moja ambalo wakazi wote wanashiriki, nalo ni giza lenye upepo. Inalishikilia kwa rangi. Buluu ya Prussia, iliyoenea katika picha za Kijapani kuanzia karibu na mwaka 1830, ilimwezesha mpiga chapa kuifanya rangi ififie taratibu kwa kuipangusa kwa mkono juu ya ubao kabla ya kuweka karatasi. Ubaridi tunaouona angani ni kazi ya mkono wa mpiga chapa ambaye jina lake halikuandikwa. Swali la kazi ya nani, kumbe, halihusu yaliyochorwa tu. Linahusu pia aliyechonga ubao na aliyeupaka rangi.

5. Shijō: mchanga usio na mwenyewe

Picha ya pili ya Hiroshige inayotuhusu si ya Edo. Katika mfululizo wake wa mahali mashuhuri pa Kyoto, wa karibu na mwaka 1834, alichora jioni ya kupunga upepo huko Shijō katika Mto Kamo. Hapa hakuna mashua wala fataki. Watu wameketi juu ya majukwaa ya chini yaliyowekwa palepale mtoni, juu ya maji machache, huku wahudumu wakipita. Mto Kamo ni wa kina kifupi, wenye kokoto na mchanga mwingi, na wakazi wa Kyoto waliingia ndani yake badala ya kuelea juu yake.

Msomaji wa Mwanhuzi, aliyepotezwa na neno kiangazi mbele ya Ryōgoku, yuko nyumbani mbele ya Shijō. Anajua kuwa mto ni mahali pa kuingia na kukaa hata pale maji yanapokuwa machache. Mchanga wa mto wa msimu ni uwanja: hapo watu huteka maji, wachungaji hukutana, watoto hucheza. Anajua pia sifa yake ambayo mtazamaji wa mito mikubwa anaweza kuipuuza. Shamba lina mwenyewe, boma lina mwenyewe, lakini mchanga unaofagiwa na mafuriko kila mwaka ni vigumu kuumilikisha mtu. Hauzungushiwi uzio, kwa kuwa maji yatauondoa uzio huo.

Historia ya Shijō inathibitisha kuwa sifa hii ndiyo iliyoujenga utamaduni mzima. Kingo na kokoto za Kamo, kwa kuwa hazikufaa kwa kilimo wala makazi ya kudumu, zilikuwa pembezoni mwa utaratibu wa kodi na wa vyeo. Walioishi na kufanya kazi hapo waliitwa watu wa kingo za mto, jina la dharau lililojumuisha wachuna ngozi, watengeneza bustani na waigizaji. Huko Kyoto, karibu na mwaka 1603, mwanamke aitwaye Okuni anasimuliwa kuwa alicheza ngoma zilizoanzisha tamthilia ya kabuki, na mchanga wa Kamo unakumbukwa kama jukwaa lake. Sanaa kubwa ya taifa ilianza mahali ambapo hapakuwa pa mtu.

Tukiiweka Shijō kando ya Ryōgoku, jambo moja linajitokeza pande zote mbili. Kule Edo, eneo la wazi liliachwa kwa sababu ya moto. Huku Kyoto, kwa sababu ya mafuriko. Burudani iliingia katika nafasi ambazo maumbile na hofu vilizuia umiliki. Hili ndilo swali la tatu, ardhi ya nani. Lina umuhimu kwetu, kwani hata ngoma za Usukuma za baada ya mavuno, ambamo vyama vya Bagika na Bagalu hushindania watazamaji, huhitaji uwanja unaoweza kupokea umati. Frank Gunderson (2010), katika utafiti wake wa nyimbo za kazi za Wasukuma, ameonesha jinsi uimbaji wa shambani na uimbaji wa ngomani unavyolishana. Kilichohesabiwa na wapangaji wa maendeleo kama nguvu iliyopotea kilikuwa, kwa wachezaji, upande wa pili wa jembe lilelile.

6. Picha kama upepeo

Hadi hapa picha imejadiliwa kama dirisha la kuonea burudani. Ipo aina ya picha inayovunja mtazamo huo. Wasanii wengi, Hiroshige akiwa mmoja wa waliochora kwa wingi zaidi, walitengeneza picha zilizokusudiwa kubandikwa kwenye vipepeo vya mkononi. Zilichapwa kwa umbo la kipepeo, zikakatwa na kugundishwa juu ya mbavu za mwanzi, zikatumika msimu mmoja na kutupwa. Mamia ya michoro ya aina hii yametokana na Hiroshige peke yake, lakini nakala zilizobaki ni chache, na nyingi kati ya hizo ni zile ambazo hazikuwahi kubandikwa.

Hebu tufikirie mnunuzi wa kipepeo kilichochorwa watu wanaopunga upepo mtoni. Yeye mwenyewe huenda hana fedha ya mashua. Ameketi kizingitini mwa nyumba yake finyu, na kwa kuipunga picha ya ubaridi anajipatia ubaridi. Picha haimwoneshi burudani tu, inaitenda. Hapa tofauti kati ya sanaa na matumizi, ambayo nadharia nyingi za umbuji huitegemea, haina pa kusimama.

Msomaji wa Kiswahili hatashangazwa na sanaa ya namna hii, kwani anayo kanga. Kanga nayo ni chapa yenye pindo, mji na jina. Nayo hununuliwa kwa bei ya kawaida, huvaliwa, hubebea mtoto, huchakaa na kuisha. Uhusiano huu si wa kulinganisha tu. Katika karne ya 20, viwanda vya Japani vilichapa kanga kwa ajili ya soko la Afrika Mashariki, zikiwa na maneno ya Kiswahili. Uhakiki wetu umejifunza kusoma majina ya kanga kama fasihi. Hatua inayofuata ni kukubali kuwa kuchakaa kwake ni sehemu ya maana yake, kama ilivyo kwa kipepeo: ni fasihi inayokwisha kwa sababu imefanya kazi.

7. Riwaya mbili na joto la nyumba

Maswali yaliyotokana na picha yana thamani tu kama yanafungua maandishi ya Kiswahili. Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi na Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed zimezoeleka kusomwa kama riwaya za malezi mabaya na anguko la msichana. Rosa wa Ukerewe analelewa na baba mkali, Zakaria, kisha akitoka nyumbani anajitumbukiza katika mapenzi yasiyo na mpaka. Maimuna anafungiwa ndani na Bwana Maksuudi, anatoroka, na anaishia katika nyumba ya Mama Jeni. Usomaji uliozoeleka unaiweka starehe kama shimo ambalo wote wawili wanatumbukia.

Tukianza na joto, mpangilio wa riwaya unabadilika. Katika riwaya zote mbili, baba mwenyewe ana burudani yake: Zakaria ana pombe, Maksuudi ana wanawake wa nje. Nyumba imefungwa kwa watoto wa kike, si kwa baba. Msichana hana daraja la kusimama bila malipo wala mchanga usio na mwenyewe. Baraza, uwanja na barabara vyote ni vya wengine. Anapotoka, ubaridi pekee anaoukuta ni ule unaouzwa, na sarafu pekee aliyo nayo ni mwili wake. Kwa lugha ya Ryōgoku, amevuka moja kwa moja kutoka ndani ya nyumba hadi ndani ya mashua ya wengine bila kupita darajani, na ndani ya mashua hiyo ameketi mahali pa mwanamke aliyekuja kuwapoza wateja. Anaonekana anastarehe, kumbe yuko kazini.

Usomaji huu hauwaondolei wahusika wajibu wao, wala haudai kuwa waandishi walikusudia hoja ya ardhi. Unaonesha kuwa riwaya hizi zinashutumu zaidi ukosefu wa burudani kuliko wingi wake. Ikiwa ndivyo, fundisho linalotolewa mara nyingi madarasani kuwa vijana waepuke starehe linaiunga mkono sera ya Zakaria, yaani sera ambayo riwaya yenyewe imeionesha ikishindwa. Kwa kulinganisha, riwaya ya Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, iliyochapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, inatoka Ukerewe ileile, lakini imejaa matembezi, pombe ya ndizi na mazungumzo marefu yasiyomwangusha mtu. Tofauti kati ya Ukerewe hizo mbili si kiasi cha starehe. Katika ulimwengu wa Kitereza mapumziko ni mali ya jamii yenye adabu zake. Katika ulimwengu wa Rosa yamekuwa bidhaa.

8. Hitimisho

Makala haya yamedai kuwa Kiswahili kina nadharia ya mapumziko ndani ya maneno yake, na kuwa nadharia hiyo inaiona burudani kama kupozwa. Picha za jioni mtoni zimesaidia kuifafanua kwa kuwa zinaonesha kwa pamoja mambo ambayo uhakiki wetu umezoea kuyatenganisha: anayepoa na anayepiga kasia, uzuri na mkataba wa deni, kiwanja cha furaha na hofu ya moto. Zimeonesha pia kwamba tafsiri isiyo makini ya jina la majira inaweza kuukausha mto wenyewe.

Maswali matatu yaliyotumika hapa yanaweza kuelekezwa kwa ushairi wa pwani, kwa taarabu na kwa nyimbo za ngoma za bara, ambako utafiti zaidi unahitajika. Jambo moja linapaswa kutangulia kazi hiyo. Miji midogo kama Mwanhuzi inapanuka, viwanja vinapimwa na kumilikishwa, na mchanga wa mito unachotwa kwa ujenzi. Ikiwa burudani ya watu wasio na fedha imetegemea siku zote ardhi isiyo na mwenyewe, mhakiki anayeiita anasa atakuwa ameliangalia jambo hili kwa upande wa mwenye mashua. Lugha anayoitumia tayari imemwambia vinginevyo, tangu katika salamu.